Simu wodini na darasani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujifunza udaktari kwa simu

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na utabibu, walimu wao, na yeyote anayelipa ada. Mifano mingi ni ya Tanzania kwa sababu ndiko ninakofundishia, lakini wa Eldoret au Kampala atajiona humu pia.

Kujifunza kwa simu ni nini hasa? Nikisoma PDF kwenye daladala inahesabika?

Inahesabika. Ni kujifunza kokote kwa kifaa unachotembea nacho: simu janja, kishikwambi, hata kitochi (simu ndogo ya vitufe). Nchini Kenya, shirika la afya la Amref liliwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kwa ujumbe mfupi na sauti kupitia mfumo wa Leap, na simu ya kawaida ilitosha.

Jambo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Marekani walikuwa tayari wanabeba Palm Pilot, kompyuta ndogo za mkononi, zenye orodha ya dawa. Mwaka 2010 chuo cha udaktari cha University of California, Irvine kikawapa wanafunzi wapya iPad. Kwetu, ukiacha miradi michache ya wafadhili, hakuna aliyegawa kitu. Simu ziliingia wodini zikiwa mifukoni mwa wanafunzi, kwa bando la bumu (mkopo wa wanafunzi), na vyuo vikazikuta humo. Ndiyo maana hadi leo kuna idara ambako hakuna anayejua kama simu inaruhusiwa au inavumiliwa tu.

Wanafunzi wanaionaje?

Vizuri, karibu kila mahali walipoulizwa. Sababu zao ni za wazi. Kitabu cha tiba ya ndani ni ghali na kizito, nakala ya maktaba ni moja na imeazimwa. Kwenye simu kuna madesa (nukuu za masomo) ya PDF, kuna video za YouTube zinazoonyesha jinsi ya kutoa maji ya uti wa mgongo, na kuna jibu la haraka pale daktari bingwa anapotaja neno ambalo hujawahi kulisikia.

Matumizi makubwa kabisa ni hayo ya mwisho: kutafuta kitu kimoja kwa haraka. Dozi, kiwango cha kawaida cha kipimo, sababu tano za ini kuvimba. Kusoma kwa kina kwenye simu ni kwa wachache. Wakati wa kupiga msuli kabla ya mtihani, wengi wanapeleka PDF ileile steshenari ichapwe, kisha wanaipigia mistari kwa kalamu. Kwa hiyo mtu anaposema "wanafunzi wanapenda simu", muulize wanaipenda kwa kazi gani.

Malalamiko nayo yanajirudia: bando, kioo kidogo, chaji inayoisha saa sita mchana, kumbukumbu iliyojaa picha za harusi. Na lipo moja ambalo halisemwi mbele ya wakubwa: kumwogopa mwalimu. Mwanafunzi anayetaka kuhakikisha dozi anajifanya anakwenda msalani ili aifungue simu yake.

Walimu je? Ni kweli wanazichukia simu?

Wanaozichukia kabisa ni wachache. Wengi wana nia mbili: wanajua simu inasaidia, na wanakereka wakiiona. Nadhani chanzo kikubwa cha kero hiyo ni kwamba mwalimu hajui mwanafunzi anafanya nini nayo. Kitabu kina jalada. Ukikifungua wodini kila mtu anaona ni kitabu cha watoto au cha upasuaji, na anajua unasoma. Simu haina jalada. Anayetafuta dozi ya gentamicin na anayefuatilia matokeo ya Simba na Yanga wanainamisha kichwa vilevile na wanasogeza kidole vilevile. Mwalimu aliye upande wa pili wa kitanda anaona kipaji cha uso tu, na binadamu akikosa habari hujaza mwenyewe, kwa kawaida na lililo baya zaidi.

Ukilishika hilo, mengi yanayoitwa "upinzani wa walimu dhidi ya teknolojia" yanabadilika sura. Mwalimu huyohuyo anayefoka wodini ndiye anayetuma makala kwenye grupu la darasa saa nne usiku.

Zipo hofu nyingine. Moja ni ya kitaaluma na ina uzito: mwanafunzi anayekimbilia simu kabla ya kufikiri hajifunzi kufikiri. Ukimuuliza kwa nini mgonjwa huyu ana macho ya manjano na miguu imevimba, kazi ni kupita njia yote, kutoka dalili hadi kiungo hadi ugonjwa. Jibu lililosomwa kwenye kioo linairuka njia hiyo. Hapa nipo upande wa walimu. Fikiri kwanza, sema unachodhani, halafu fungua simu uhakikishe.

Nyingine haiandikwi kwenye dodoso lolote: hofu ya kusahihishwa. Kwa miaka mingi mwalimu alikuwa ndiye kitabu pekee chenye miguu wodini. Leo akitaja dozi, kuna vidole kadhaa vinaihakiki papo hapo, na mmoja atanong'ona kwamba mwongozo umebadilika. Walimu wanaojiamini hugeuza hilo kuwa somo. Wasiojiamini hupiga simu marufuku.

Halafu kuna suala la nguvu na muda. Kuandaa somo la simu hakuhesabiwi kwenye kupanda cheo kama makala ya jarida inavyohesabiwa, bando ni la mwalimu mwenyewe, na mafunzo, kama yapo, ni semina ya siku moja inayoonyesha mahali pa kubonyeza. Kabla hujamlaumu mhadhiri kwamba hataki mabadiliko, angalia amepewa nini cha kubadilikia.

Mbona daktari bingwa anatumia simu yake katikati ya raundi ya kuwapitia wagonjwa, halafu sisi tunagombezwa?

Kwa sehemu ni kazi: maabara inamtumia majibu, chumba cha upasuaji kinamwita, ratiba ya zamu iko WhatsApp. Kwa sehemu ni cheo, tusidanganyane. Dawa ni ileile kwa wote wawili, yaani kusema. Bingwa akisema "ngoja nijibu maabara" kabla ya kuinamia simu, wanafunzi wanajifunza namna ya kufanya bila kuhutubiwa.

Si ni suala la umri tu? Wazee wakistaafu tatizo litaisha.

Halitaisha. Wazo kwamba vijana "wamezaliwa na teknolojia" lilienezwa na Mmarekani Marc Prensky mwaka 2001, na limekosolewa sana tangu hapo. Kujua TikTok hakumfundishi mtu kutofautisha mwongozo wa WHO na blogu ya muuza virutubisho. Nimeona profesa mwenye mvi anayehifadhi makala zake kwenye simu kwa mpangilio wa kupendeza, na nimeona wa mwaka wa tatu anayenakili jibu la kwanza alilotoa Google bila kuangalia linatoka wapi. Vijana wana wepesi wa mkono, wakubwa wana wepesi wa kunusa uongo. Idara yenye akili inawakalisha meza moja.

Mgonjwa anaionaje?

Huyu ndiye husahaulika kwenye mjadala, na ndiye mwenye kitanda. Mgonjwa asiyeambiwa kitu anaona daktari kijana anachati wakati yeye anaumwa. Akiambiwa, mara nyingi hana shida, na wengine hufurahi kwamba dawa yao inahakikiwa.

Sentensi moja inatosha: "Mama, naangalia kwenye simu kipimo sahihi cha dawa ya mtoto." Kwa mzee unaanza na shikamoo kama kawaida: "Shikamoo bibi. Naomba niangalie hii dawa yako ya presha humu kwenye simu, dakika moja tu." Halafu geuza kioo aone kama anataka. Usiseme maneno hayo huku ukiwa umeshaanza kubonyeza, maana hapo umeshachelewa.

Naweza kuamini dozi ninayoiona kwenye programu?

Swali hili ni kubwa kuliko yote hapa, na linaulizwa kidogo kuliko linavyostahili.

Programu nyingi maarufu za dawa zimeandikwa Marekani au Uingereza kwa ajili ya hospitali za huko. Chukua artesunate ya sindano kwa malaria kali. WHO inasema mtoto aliye chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, na wenye kilo 20 kwenda juu miligramu 2.4 kwa kilo, mwanzoni, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Dawa hiyo ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2020, maelezo yake rasmi ya huko yaliandikwa miligramu 2.4 kwa kilo kwa watu wote, watoto na wakubwa. Kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 30 ukifuata WHO, na 24 ukifuata programu iliyojengwa juu ya maelezo ya Marekani. Programu haijakosea kwa mujibu wa nchi yake. Wewe ndiye hukuangalia inazungumza kutoka wapi.

Vipimo navyo vina mtego wake. Sukari ya damu kwetu husomwa kwa mmol/L, huko Marekani ni mg/dL, na tofauti ni mara 18. Namba 5.5 kwetu ni mtu mzima wa afya, na kwao ni karibu 100. Kreatinini nayo ina vipimo viwili vinavyotofautiana mara 88 hivi. Ukiingiza namba ya maabara yetu kwenye kikokotoo kilichowekwa kipimo kingine, kitakujibu bila haya. Angalia kipimo kilichoandikwa pembeni ya kisanduku kabla ya kuandika namba.

Majina ya dawa pia: acetaminophen ni paracetamol yetu, albuterol ni salbutamol, epinephrine ni adrenalini. Usiku wa zamu, ukiwa umechoka, si jambo dogo.

Mpangilio ninaowapa wanafunzi: kwanza mwongozo wa taifa wa matibabu, ule unaojulikana kwa kifupi STG, toleo la 2021 au lolote jipya lililolifuata, pili miongozo ya WHO, tatu ndipo programu kama Medscape na UpToDate, ambazo ni nzuri sana kwa kuelewa ugonjwa. PDF ya mwongozo wa taifa iwe ndani ya simu yako, imeshapakuliwa, na jina lake liwe linaeleweka. "Document(3)-final" hutalipata mgonjwa akiwa anadegedega.

Sina bando kila siku. Nifanyeje?

Jenga simu inayofanya kazi bila intaneti. Pakua usiku bando likiwa nafuu, au chuoni kama kuna WiFi inayofika zaidi ya mlango wa ofisi ya mkuu. AnkiDroid, ya kadi za maswali zinazokurudia kadiri unavyosahau, ni ya bure kwenye Android na haihitaji mtandao ukishaweka kadi. Ile ya iPhone inalipiwa, kwa mara moja hii wenye Android mmeshinda. MDCalc, ya vikokotoo vya kitabibu, inaweza kukokotoa bila mtandao. WikiMed ni makala za tiba za Wikipedia zilizofungwa pamoja ili zisomwe nje ya mtandao, na inafaa kukumbushana mambo ya msingi, haifai kwa dozi.

Kwa majarida, waulize wakutubi kuhusu Hinari. Ni mpango wa WHO na wachapishaji ulioanza mwaka 2002, na taasisi za Tanzania zilizojiandikisha zinapata maelfu ya majarida na vitabu bure. Wanafunzi wengi wanamaliza miaka mitano bila kujua kwamba maktaba yao ina nywila yake.

Grupu la WhatsApp la darasa ni kujifunza au ni kelele?

Ni vyote, na kelele ni nyingi zaidi. Humo ndimo zinamopita ratiba, mabadiliko ya chumba, mitihani iliyopita, na mara mojamoja mjadala mzuri wa mgonjwa. Magrupu yanayofaa kwa kujifunza niliyoyaona ni madogo: kikundi cha wodi moja na msajili mmoja (daktari aliye chini ya bingwa) anayetuma swali jioni na kujibu kesho yake. Likishakuwa na watu mia mbili, anayeuliza swali la kijinga anaogopa kuchekwa, na maswali ya kijinga ndiyo yanayofundisha.

Walimu wengi wanakubali WhatsApp haraka kuliko mfumo rasmi wa chuo, kwa kuwa tayari wanaijua na haihitaji nywila ya tatu. Hilo liwape funzo wanaonunua mifumo.

Naweza kupiga picha ya kidonda, filamu ya eksirei au cheti cha mgonjwa kwa ajili ya kujifunza?

Si kwa simu yako kwa kujiamulia. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Juu ya sheria kuna maadili ya taaluma, yaliyokuwepo kabla ya simu kuzaliwa.

Kinachowaponza wengi si ubaya wa moyo. Unapiga picha ya eksirei ya kifua, jina la mgonjwa liko pembeni ya filamu. Unaituma kwenye grupu. WhatsApp inaihifadhi kwenye simu za watu arobaini, baadhi ya simu hizo zinapandisha picha zote mtandaoni zenyewe kila usiku, na ndugu mdogo wa mmoja wao anaazima simu kucheza gemu. Hukumtangaza mgonjwa, lakini ametangazwa. Kukata uso kwenye picha hakutoshi pia: mchoro wa ngozini, kitenge, au ugonjwa adimu katika wilaya ndogo vinamtambulisha mtu.

Kama picha inahitajika kweli kwa kufundishia, iwe kwa ridhaa ya mgonjwa iliyoelezwa kwa Kiswahili anachokielewa, kwa idhini ya mwalimu, kwa kifaa na mahali pa kuhifadhi ambapo hospitali inapajua. Mgonjwa akisema hapana, habari imeisha hapo. Na mgonjwa anayesema ndiyo kwa sababu anadhani akikataa hatatibiwa, hajasema ndiyo.

Simu inapunguza umakini darasani?

Ikilia na ikikuletea ujumbe, ndiyo. Kuhusu madai mazito zaidi, tahadhari inahitajika. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba simu ikiwepo tu mezani, hata kimya, uwezo wa akili unapungua. Waliorudia baadaye hawakupata matokeo hayo kila mara. Zima data wakati wa kusoma, inatosha kwa kuanzia.

Corona haikumaliza ubishi huu?

Iliufungua tu. Tanzania vyuo vilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni. Kenya masomo ya ana kwa ana yalikaa muda mrefu zaidi bila kurudi, kwa hiyo walimu wa huko walisukumwa zaidi kwenye mtandao. Walioshikilia kwamba mhadhara hauwezi kutolewa kwa simu waligundua unawezekana. Walioamini kila kitu kinaweza kuhamia mtandaoni waligundua kwamba wengu halipapaswi kwenye Zoom. Milango ilipofunguliwa, wengi walirudi kwenye desturi zao za zamani.

Ikumbukwe pia kwamba kusomea mbali si uvumbuzi wa janga. Tangu mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya waliendesha mafunzo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi kutoka ngazi ya cheti, wengi wao wakiwa bado kazini. Mitazamo yao ilibadilika kwa sababu iliyo rahisi kueleza: walipata stashahada bila kuacha mshahara.

Kuna ushahidi kwamba simu inafundisha kweli, au ni mapenzi tu?

Upo kiasi. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikusanya tafiti 29 za wanafunzi na wafanyakazi wa fani za afya, washiriki zaidi ya 3,000, yakakuta kwamba kujifunza kwa simu kunafikia au kupita kidogo ufundishaji wa kawaida kwa upande wa maarifa na stadi. Kuhusu mitazamo na kuridhika, ushahidi ulikuwa haba. Inashangaza kidogo ukizingatia madodoso ya mitazamo yanavyoandikwa kila mwaka, lakini mengi ya madodoso hayo hayana kundi la kulinganisha, kwa hiyo mapitio ya aina hiyo huyaacha nje.

Nafanya utafiti wangu wa mwisho kuhusu mitazamo ya wanafunzi na walimu. Nizingatie nini?

Hongera, na samahani. Hongera kwa kuwa mada ni hai. Samahani kwa kuwa imefanywa vibaya mara nyingi.

Wengi huanza na modeli ya Fred Davis ya mwaka 1989, inayosema mtu hukubali teknolojia akiona inamfaa na akiona ni rahisi kuitumia. Ni mwanzo mzuri. Lakini ilitokana na ofisi za kompyuta, mahali ambapo hakuna mgonjwa anayekutazama wala bingwa anayekufokea. Wodini, anachodhani mkubwa wako kina uzito kuliko urahisi wa programu. Weka maswali ya hilo.

Halafu angalia unawapataje watu. Ukisambaza fomu ya Google kwenye grupu la darasa, umeshawaondoa wasio na simu nzuri na wasio na bando siku hiyo, yaani walewale ambao maoni yao yangeharibu asilimia yako tamu. Peleka na karatasi. Na usimtume mhadhiri awagawie wanafunzi wake dodoso kuhusu mhadhiri: watajibu kwa adabu.

Swali la jumla kama "Je, simu ni muhimu katika elimu ya udaktari?" litakupa "nakubali sana" kutoka kwa kila mtu, hata kwa wanaozipiga marufuku. Uliza kitendo: mara ya mwisho ulipotumia simu mbele ya mgonjwa, ulitafuta nini, ulimwambia mgonjwa, mwalimu alifanya nini? Muulize mwalimu swali lilelile kutoka upande wake. Pengo kati ya majibu hayo mawili ndiyo sura yako ya nne, ile ya matokeo. Ukiweza kukaa wodini wiki chache ukihesabu matumizi kwa macho yako, bora zaidi. Kibali cha maadili upate kabla, kwa sababu utakuwa karibu na wagonjwa hata kama hawamo kwenye kichwa cha utafiti.

Akili mnemba je? Naruhusiwa kuiuliza ChatGPT?

Tangu ilipotoka Novemba 2022 imeongeza mvutano uleule, kwa sauti kubwa zaidi. Tofauti yake na kitabu cha kwenye simu ni kwamba jibu lake si ukurasa ulioandikwa na mtu anayewajibika. Inatunga maneno, na inaweza kukutajia makala ambayo haipo, pamoja na mwaka na jarida. Kwa dozi, hapana. Kwa kukuhoji kabla ya vaiva (mtihani wa mdomo), ni nzuri: iambie ijifanye mtahini, ikuulize kuhusu kifafa cha mimba, kisha majibu yake uyahakiki kwenye mwongozo. Maelezo ya mgonjwa yeyote usiyaweke humo.

Walimu wengi wasiwasi wao uko kwenye kazi za kuandika nyumbani. Wana haki. Lakini mtihani wa vituo na wa kando ya kitanda haujapata wa kuufanya kwa niaba yako, na sapu (mtihani wa marudio) itakusubiri hapo.

Simu hubeba vijidudu?

Ndiyo, wakiwemo wale sugu wa hospitalini. Ifute kwa alkoholi ya asilimia 70, nawa mikono kabla na baada ya kuigusa, na usiitoe mfukoni ukiwa ndani ya chumba cha watoto njiti.

Idara yetu inataka kuweka utaratibu. Tuanzie wapi?

Ukurasa mmoja, ulioandikwa na walimu, wauguzi na wanafunzi pamoja. Wauguzi msiwaache, wao ndio wapo wodini saa zote na ndio wanaosikia wagonjwa wanavyolalamika. Kanuni ya kwanza iwe sema kabla ya kutoa: anayetaka kutumia simu anataja anachotafuta, kwa sauti, kila mtu asikie, akiwemo bingwa. Kanuni hiyo moja inairudishia simu jalada lake. Mwanafunzi anayesema "naangalia kiwango cha juu cha magnesiamu salfeti" amejilazimisha kukitafuta, na mwalimu anaweza kumwambia asome kwa sauti.

Zilizobaki ni fupi: picha haziruhusiwi bila utaratibu, sauti imezimwa, fikiri kwanza ndipo utafute, mgonjwa anayepewa habari mbaya hatazamwi kupitia kioo. Kisha idara nayo itoe kitu upande wake: WiFi wodini, sehemu ya kuchajia, na mafunzo kwa walimu kabla ya kuwadai wanafunzi nidhamu. Mkiandika kanuni za kukataza tupu, simu zitarudi msalani.

Mwalimu wangu hataki kabisa simu kwenye wodi yake.

Wodi ni yake, usishindane naye mbele ya mgonjwa. Beba kijitabu cha mfukoni, andika unachotaka kukihakiki, kiangalie ukitoka. Baada ya raundi mfuate akiwa peke yake: "Shikamoo daktari. Ile dozi uliyoisema leo nimeisoma kwenye mwongozo wa taifa, nimekuta tofauti kidogo, naomba unieleweshe." Mwonyeshe ukurasa. Wapo waliobadilisha msimamo kwa njia hiyo, na wapo ambao hawakubadilika.

Mimi ni mzazi. Kijana wangu yuko mwaka wa kwanza, anasema bila kishikwambi kipya hawezi kusoma udaktari. Ni kweli?

Si kweli. Simu janja ya kawaida yenye nafasi ya kutosha na betri inayofika jioni inamtosha mwaka wa kwanza na wa pili. Kioo kikubwa kinasaidia kwenye anatomia, hilo nakubali. Ukinunua, nunua na kifuniko, na muulize kwanza kama kwenye chumba chake hosteli kuna kabati linalofungika.